Kuvua Ghuba ya Chwaka wakati wa kaskazi

Mara yangu ya kwanza kuvua Chwaka mwezi wa Januari, nilifika pwani saa nne asubuhi, nimeshiba chai. Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Bahari sikuiona. Palikuwa na mchanga na majani ya bahari mpaka macho yanapokoma, ngalawa zimelala ubavu, na akina mama wameinama wakiokota kombe. Ami yangu, mvuvi wa mshipi tangu ujana wake, alikuwa ameshauza samaki wake wa asubuhi. Akanitazama mimi na kapu langu. "Umekuja kuvua au kulima, mwanangu?"

Tangu siku hiyo nauangalia mwezi kabla ya saa. Ghuba hii ya mashariki ya Unguja ni pana, lakini kina chake ni kidogo mno. Katika bamvua kubwa maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Maji mafu, tofauti ni mita moja na ushei tu. Na bamvua huku kwetu ina desturi yake: hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, kisha hupwa saa nne au saa tano. Maana yake, maji yanakuwa haba hasa wakati jua la kaskazi linapokolea. Madimbwi yanayobaki juu ya mchanga yanapata moto hadi mguu unashtuka. Maji ya moto hayashiki hewa vizuri, na samaki hangoji yamkaushe. Anateremka mapema kufuata mkondo wa kina.

Basi hapo ndipo pa kumsubiri. Siku za bamvua naondoka gizani, nikiwa nimetia nanga kabla ya saa kumi na mbili pembezoni mwa mkondo unaotoka kwenye mikoko ya Mapopwe, wala si katikati yake. Katikati maji yanakimbia, chubwi haitulii na mshipi unalala. Pembeni, pale mchanga unapodondoka ghafla kuingia kwenye kina, changu wanapita wakitafuta kamba na kaa wadogo wanaosombwa na maji. Kati ya saa kumi na mbili na saa mbili ndiyo riziki yenyewe. Baada ya hapo wanadona kwa uvivu, na mimi natazama nyuma njia ya kurudi bado ina maji kiasi gani.

Hilo la njia nimelilipia. Mwaka mmoja changu walikuwa wanapanda mmoja baada ya mwingine, nikajiambia mmoja tu wa mwisho, na mwingine wa mwisho. Nilipong'oa nanga, kati yangu na kijiji palikuwa na fungu la mchanga. Nilisukuma ngalawa kwa upondo mpaka ikagoma kabisa, nikakaa chini ya kivuli cha tanga tangu saa tatu mpaka maji yalipokumbuka kunirudia, mchana umeshapinda. Nusu ya samaki walikuwa wamelegea, hawauziki. Maji ya kunywa yalikuwa chupa moja. Siku hizi nabeba galoni, hata kama natoka kwa saa mbili.

Maji mafu ni kazi nyingine. Hujaa karibu saa nne asubuhi, mkondo wake ni mpole, na samaki wanatawanyika juu ya majani ya bahari bila sababu ya kupita mahali pamoja. Wenzangu wengine wanayapenda kwa sababu unalala hadi kuche. Mimi nayatumia kushona tanga.

Kaskazi ina jambo jingine: maji yanang'aa. Wakati wa kusi bahari inachafuka na mshipi mnene haumtishi samaki. Januari anauona. Natumia mshipi mwembamba kuliko ninavyotamani, ndoana namba 10 au 12, chubwi ndogo kadiri mkondo unavyoruhusu, na kamba mbichi au kipande cha ngisi kilichokatwa kirefu kicheze majini. Ngalawa isigongwegongwe. Anayepiga pondo ubaoni hapa atavua usingizi.

Upepo nao: alfajiri huwa umetulia, ukifika mchana unapata nguvu na kuinua mawimbi mafupi mafupi mlangoni mwa ghuba, upande wa Michamvi. Ndiyo sababu nyingine ya kuamka mapema.

Samaki akishapanda, joto linakuwa adui mwingine. Gunia lililoloweshwa na kivuli vinasaidia, barafu inasaidia zaidi. Tasi, ambao huja zaidi kwenye madema, ndio wa kuharakishwa, kwani tumbo lao limejaa majani na linavunda upesi. Watoe matumbo hapo hapo chomboni. Washike kwa akili. Miiba yao ina sumu, na ukichomwa, tumbukiza mkono kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa sababu joto huidhoofisha sumu hiyo. Ukishuka kusukuma chombo, buruta miguu badala ya kuinua na kukanyaga. Taa hujifukia kwenye mchanga wa maji ya goti, na akisikia mguu unakuja taratibu huondoka mwenyewe.

Ikiwa bamvua ni ya mwezi mwandamo, sirudi nyumbani kulala moja kwa moja. Maji hujaa tena jioni, giza linaingia, nami na ami tunaning'iniza taa ubavuni mwa ngalawa kungoja ngisi. Usiku mwingine hawaji kabisa. Wakija, ami hanyanyui kichwa. Ananyosha mkono nyuma tu kuomba ndoo.