Mlilieni, Ila Shikeni Vidole

Leo nina ujumbe wa kijana mmoja, shabiki wa Newcastle tangu yuko shule. Anasema wenzake wa kijiweni bado wanamtania kwa sababu Februari 2023 alimlilia Christian Atsu, mchezaji wa zamani wa Newcastle aliyekufa kwenye tetemeko la ardhi. "Mghana kafia Uturuki, wewe wa Temeke kinakuliza nini?" Na kibaya zaidi, yeye ndiye aliyetuma kwenye kundi lao la WhatsApp habari kwamba Atsu kapatikana hai. Sasa ananiuliza: Dada, nilikosea kulia?

Kulia hukukosea hata kidogo, mdogo wangu. Mtu umemtazama wikiendi kwa wikiendi akikimbia pembeni na jezi ya timu yako, umemwona AFCON ya 2015 akitajwa mchezaji bora wa mashindano huku Ghana imefungwa fainali kwa penalti na Ivory Coast. Huyo si mgeni kwako. Na hao wanaokucheka, hebu niambie ni nani kati yao anayekula chakula cha usiku siku Simba au Yanga yake imefungwa.

Kisha kisa chenyewe kinaliza. Jioni ya Februari 5 Atsu aliipigia Hatayspor, klabu yake ya Uturuki, faulo iliyoingia wavuni dakika za nyongeza, wakaishinda Kasımpaşa 1-0. Klabu yake ilisema alikuwa asafiri usiku ule, lakini baada ya bao lile akaamua kubaki. Alfajiri, saa kumi na dakika 17, ardhi ikatikisika kwa ukubwa wa 7.8. Saa za Uturuki ni sawasawa na zetu, kwa hiyo wakati huo na wewe ulikuwa kitandani. Ghorofa alilokaa mjini Antakya, lenye orofa 12, likaanguka. Uturuki peke yake walikufa watu zaidi ya 50,000, na Syria maelfu wengine.

Sasa tuje kwenye ile habari uliyoituma. Hukuitunga wewe. Siku ya pili watu wa klabu yenyewe walisema katolewa akiwa majeruhi na kapelekwa hospitali, na chama cha soka cha Ghana nacho kikatangaza hivyo hivyo. Afrika nzima tukashangilia. Kumbe hakuna hospitali iliyokuwa naye. Mwili wake ulipatikana Februari 18, na kaka yake na dada yake pacha walikuwa palepale kwenye kifusi. Hebu jiweke mahali pa huyo pacha. Kwanza unaambiwa yuko hai, unamshukuru Mungu. Halafu siku zinapita unazunguka kumtafuta, na simu yako inajaa pongezi za watu usiowajua.

Ndiyo maana nasema shikeni vidole. Ukiona "kapatikana", subiri familia au wakala wake aseme. Ukicheleweshwa saa sita hupungukiwi kitu. Na siku zile si habari za Atsu tu zilizokuwa za kubahatisha. Ilizunguka picha ya mzimamoto kamkumbatia mtoto kwenye vifusi, watu wakaisambaza kwa machozi, wakati imetengenezwa na kompyuta na mkono mmoja una vidole sita! Matapeli walikuwa wanaomba michango kwa picha kama hizo. Na wewe unayeweka maiti kwenye statasi eti unaomboleza, mimi na wewe tutagombana. Weka bao lake.

Wengine mtaniuliza: Dada, tusiposambaza tufanye nini, tuko mbali? Tazameni mashabiki wa Beşiktaş wa Istanbul. Februari 26 timu yao ilicheza na Antalyaspor, mechi ikasimamishwa ilipofika dakika 4 na sekunde 17, kwa sababu tetemeko lilipiga saa ambayo wao wanaiandika 4:17. Midoli na skafu zikamwagika uwanjani kutoka kila jukwaa, zikakusanywa zipelekwe kwa watoto wa maeneo yaliyoathirika. Na uwanja ule ule ulisikika ukiitaka serikali ijiuzulu, maana watu walitaka kujua majengo yale yalijengwaje. Mkandarasi wa ghorofa la Atsu alikamatwa uwanja wa ndege akijaribu kuondoka nchini. Sisi tulioona jengo la Kariakoo likianguka Novemba 2024, bila tetemeko lolote, hasira ile tunaielewa bila kutafsiriwa. Tukirudi kwenye msaada, beki wa Uturuki Merih Demiral naye aliipiga mnada jezi yenye sahihi ya Cristiano Ronaldo ili apate fedha za waathirika.

Huna jezi ya Ronaldo, najua. Ila ukiguswa, toa elfu tano yako kwa Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu, kupitia njia zao rasmi, si kwa namba uliyoikuta chini ya video. Nguo zako za zamani usizifunge marobota kupeleka ng'ambo. Usafiri wake ni ghali kuliko nguo zenyewe. Na kama unamlilia Atsu hasa, kumbuka enzi za uhai wake alikuwa akiwalipia faini wafungwa wa makosa madogo huko Ghana ili warudi makwao. Wafungwa wa namna hiyo wako kwenye magereza yetu pia, na mashabiki ishirini wakichangishana wanaweza kumtoa mmoja.

Kuna jambo moja la mwisho, na hili nawaambia na mliotumia msiba ule kupigana vijembe vya timu. Nasikia wapo waliosema angebaki England asingekufa. Hayo maneno mngemwambia pacha wake usoni? Kama hamwezi, basi msiyaandike.

Mdogo wangu uliyeniandikia, kijiwe kikicheka, wewe kaa kimya, hakuna la kujitetea. Ila ongea na admini wa kundi lenu muweke sheria moja tangu leo: habari ya kifo au uhai wa mtu haipiti humo mpaka familia yake iwe imesema.