Siku Moja Katika Msitu wa Kakamega: Kuandaa Ziara ya Nyanjani kwa Wanafunzi wa Fasihi Simulizi

Utafiti wa nyanjani ni uti wa mgongo wa fasihi simulizi, ilhali ziara zetu huahirishwa mwaka baada ya mwaka kwa sababu ya uhaba wa fedha. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa kikundi kinachoanzia Bukura kinaweza kuzuru Msitu wa Kakamega kwa siku moja, mradi kikubali kuacha mengi.

Suala la kwanza ni gari. Nakuru au Maasai Mara mgeni hulazimika kuwa ndani ya gari, na kodi yake ndiyo humeza bajeti. Kakamega hutembelewa kwa miguu. Huu ni mabaki ya msitu wa mvua wa aina ya Kongo. Humo mna mbega, kima, ndege na vipepeo, wala hamna simba. Kwa hivyo basi la kukodi, ambalo mchango wake aghalabu humfungia nje mwanachama asiye na uwezo, halihitajiki. Nauli ya matatu na ujira wa mwelekezi vinatosha.

Je, twende upande upi? Kaskazini, huko Buyangu, ni hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1985, nayo ina maporomoko ya mto Isiukhu. Kusini ni Isecheno, kituo cha Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS). Waandalizi hutamani pande zote mbili, wakaishia kuona barabara tu. Nionavyo mimi, mtu wa Bukura achague Isecheno: hupitia Sigalagala, Khayega na Shinyalu bila kuingia mjini Kakamega. (Wenzetu wa baiolojia watateta.) Hata Jiwe Liliao la Ilesi, licha ya visasili vyake, lingoje siku nyingine.

Fauka ya hayo, Isecheno imepakana na vijiji vya Waisukha. Mwelekezi anayetaja mti kwa Luisukha, akaeleza dawa yake na mwiko wake, tayari ni msailiwa. Katika kilima cha Lirhanda lipo handaki la kale la wachimba dhahabu, sasa makao ya popo. Hapo masimulizi ya enzi ya ukoloni hujitokeza yenyewe. Ni muhimu basi mwelekezi aarifiwe mapema kuwa kikundi kinatafuta masimulizi, amtafute mzee mmoja au wawili, na idhini ya kurekodi iombwe kabla ya kinasasauti kuwashwa.

Mvua hapa hupenda kunyesha alasiri. Kikundi kiondoke Bukura saa kumi na mbili asubuhi, kitembee msituni hadi saa sita, kisha kiwasikilize wazee chini ya paa. Barua ya idara itangulie, kwani ndiyo ithibati ya kuomba kiingilio cha wanafunzi. Viwango vyenyewe viulizwe wiki hiyo hiyo. Nayo nauli ya kurudi mhazini aitenge kando kabla ya safari, maana jioni ya mvua utingo hupandisha bei.