AFYA YETU: Ngoma ya Sikio Inapopasuka



Mama mmoja alimleta mtoto wake kliniki akiwa na furaha. "Sista, usiku kucha alilia sikio. Alfajiri usaha ukatoka, maumivu yakaisha. Nafikiri amepona." Hakuwa amepona. Maumivu yaliisha kwa sababu ngoma ya sikio ilikuwa imepasuka, na usaha ukapata njia.

Ngoma hii ni ngozi nyembamba sana iliyowambwa ndani ya sikio, upana wake karibu sentimeta 1 tu. Sauti ikiipiga, hutikisika, nasi tunasikia. Pia huzuia maji na uchafu visipite.

Kwa watoto wadogo sababu kubwa ya kupasuka ni mafua. Nyuma ya ngoma kuna chumba kidogo, chenye mrija unaokwenda hadi nyuma ya pua. Mrija wa mtoto ni mfupi na umelala, hivyo vijidudu hupanda kwa urahisi. Usaha hujaa, husukuma ngoma mpaka inapasuka. Moshi wa jikoni, na kumnywesha mtoto kwa chupa akiwa amelala chali, huongeza hatari.

Wengine huitoboa wenyewe kwa njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku au pini ya nywele. Nta ya sikio haihitaji kuchimbwa, hutoka yenyewe.

Sababu nyingine naiandika kwa uchungu: kofi. Kiganja kikilifunika sikio kwa nguvu, hewa husukumwa ndani ghafla na kuipasua ngoma. Nje huoni jeraha. Baadaye mtoto haitikii akiitwa, anaitwa mkaidi, anaongezwa kofi jingine! Wazazi na walimu, nawasihi: msimpige mtoto kofi, na yule "asiyesikia" apelekwe kwanza kupimwa masikio.

Tundu dogo kwa kawaida huziba lenyewe kwa wiki chache, pengine miezi 2 au 3, mradi sikio libaki kavu. Kwa hiyo usitie kitu: si mafuta ya moto, si maziwa ya mama, si mkojo (ndiyo, tunayaona haya yote). Hata matone ya kujinunulia dukani, maana baadhi yakipita kwenye tundu huweza kuharibu usikivu. Asiogelee, na wakati wa kuoga maji yasiingie sikioni.

Usaha ukitoka, sokota utambi wa kitambaa safi cha pamba, uweke sikioni bila kusukuma mbali, uutoe ukilowa, weka mwingine mpaka utoke mkavu. Fanya hivyo angalau mara 3 kwa siku. Usiache utambi ndani. Na bado mpeleke zahanati apimwe na kupewa dawa inayofaa, hasa kama usaha umezidi wiki 2, kwani hapo ndipo usikivu hupotea polepole bila maumivu yoyote.

Lakini ukiona uvimbe nyuma ya sikio, homa kali na shingo kukaza, kizunguzungu, au mdomo kwenda upande, usingoje kesho. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.