Seli ya Damu Inapogeuka Mundu

Je, msomaji mpendwa, unaikumbuka picha ya seli uliyoichora ulipokuwa kidato cha kwanza? Duara la penseli, kiini katikati, ute umekizunguka, na utando nje. Wengi wetu tuliichora ili tupate maksi, kisha tukaisahau. Leo nakuomba uifungue tena daftari hiyo.

Wakati mmoja, mama wa hapa Witeithie aliniletea mwanawe wa miezi kumi. Vidole na nyayo za mtoto zilikuwa zimefura, macho yalikuwa ya manjano, naye alilia kila alipoguswa. Alikuwa amekwisha kutibiwa malaria mara tatu. Hakuna aliyekuwa ameuliza umbo la seli zake za damu likoje.

Umbo hufuata kazi

Mwalimu wa bayolojia alikufundisha kwamba seli hazifanani kwa sababu kazi zao hazifanani. Seli ya neva ni ndefu kama waya kwa kuwa inapeleka habari. Seli ya msuli hujikunja na kujinyoosha. Seli nyekundu ya damu nayo imekitupa kiini chake ili ipate nafasi ya kubeba himoglobini, ile protini inayoshika oksijeni. Imebonyea pande zote mbili, na ni laini kiasi cha kujipinda na kupenya katika mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe.

Ni ndogo mno: ukizipanga kwenye mstari, zaidi ya 120 ndizo zitakazofikia milimita moja. Ndiyo maana tunahitaji hadubini. Hata ile ya shuleni, yenye lenzi ya jicho ya 10 na lenzi ya chini ya 40, hukuza mara 400, na hapo seli hizo huonekana vizuri.

Kasoro ndogo, madhara makubwa

Katika ugonjwa wa selimundu, himoglobini ina kasoro moja ndogo ya kurithiwa. Oksijeni ikipungua, himoglobini hiyo hushikamana na kuwa kama vijiti, na seli hupinda mithili ya mundu wa kukatia nyasi. Mnamo 1910, daktari James Herrick wa Chicago ndiye aliyechapisha habari za seli za namna hii, alizoziona kwa hadubini katika damu ya mgonjwa wake.

Seli iliyopinda ni ngumu. Huziba mishipa, na hapo ndipo maumivu na uvimbe hutokea. Tena haidumu: seli ya kawaida huishi siku 120 hivi, ilhali hii huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndipo mtoto hupungukiwa na damu na macho yakawa manjano.

Kwa nini Witeithie?

Mwaka 1949, Anthony Allison, mwanafunzi wa udaktari aliyelelewa Kenya, alipima damu ya watu wa sehemu mbalimbali za nchi hii. Aligundua kwamba wenye kasoro hii ni wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini ni wachache mno nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza sababu: mtu aliyerithi jeni moja tu ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Anayeugua ni yule aliyerithi mbili, moja kwa baba na moja kwa mama.

Sisi tuko nyanda za juu, lakini Thika, Juja na Ruiru zimejaa watu waliotoka kila pembe kutafuta kazi. Jeni husafiri na mwenyewe. Kwa hiyo, usidhani ugonjwa huu ni wa huko mbali.

Ufanye nini?

Mtoto akifura vidole, akiwa na manjano au akipungukiwa na damu mara kwa mara, omba apimwe. Maabara huchanganya tone la damu na dawa inayoondoa oksijeni, kisha hutazama kwa hadubini kama seli zinapinda. Lakini kipimo hiki hakimtofautishi mgonjwa na mbebaji wa jeni moja, na kwa mtoto wa chini ya miezi sita kinaweza kukosea. Omba pia kipimo cha kutenganisha aina za himoglobini.

Akipatikana nao, usikate tamaa. Penisilini ya kila siku hadi angalau miaka mitano, chanjo zote, asidi ya foliki, maji ya kutosha na kinga ya malaria huokoa maisha. Dawa ya haidroksiyurea, chini ya uangalizi wa daktari, hupunguza vipindi vya maumivu. Lakini homa, kupumua kwa shida, tumbo kufura ghafula au kulegea upande mmoja wa mwili si mambo ya kungojea kesho. Mkimbize hospitalini.

Nanyi mnaotaka kuoana, pimeni. Wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Kila mimba, wala si mtoto mmoja kisha basi.

Mama yule alikuwa ameambiwa na majirani kwamba mwanawe amerogwa. Nilimwita aje atazame mwenyewe kwenye hadubini. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kumbe si mimi niliyekosea?" La, mama, si wewe.