Bastola ya Mfukoni na Mshipa wa Paja
Mwenye kibali cha silaha huvutiwa na bastola ndogo kwa kuwa haionekani. Sisi wapasuaji hutazama kwanza mtutu unaelekea wapi. Ikiwa katika mfuko wa suruali huelekea paja, ambamo hupita ateri kubwa. Ikikatwa, mtu aweza kufa kwa dakika chache.

Novemba 2008, jijini New York, mchezaji wa kandanda ya Kimarekani, Plaxico Burress, alichomeka bastola kiunoni. Iliteleza ndani ya suruali, akaidaka, ikafyatuka na kumjeruhi paja. Alipona, kisha akafungwa jela kwa kosa la silaha.

Basi anayechagua aangalie kifyatulio kabla ya ukubwa: kiwe kizito kuvutika, tena kifunikwe chote na ala. Mfukoni humo pasiwe na funguo wala sarafu, maana kitu kidogo hivyo chaweza kukivuta.

Ajali ikitokea, gandamiza jeraha kwa nguvu zote. Damu isipokoma, funga mkanda mpana kati ya jeraha na kinena, ukaze mpaka ikome, uandike saa, wala usiulegeze njiani. Kosa la kawaida ni kufunga kwa huruma: mkanda uliolegea huzuia damu irudiyo moyoni na kuiachia itokayo, hivyo uvujaji huzidi. Jeraha likiwa kinenani penyewe, ambapo mkanda haufungiki, lishindilie kitambaa safi hadi ndani, kisha gandamiza bila kuachia mpaka hospitalini.