Dishi la Kubebwa: Ujuzi Uwe wa Kikundi Kizima



Somo letu safari hii ni juu ya dishi la televisheni, lile dogo linalobebwa kwa mashua au pikipiki na kusimamishwa ufuoni au sokoni. Huko Ulaya watu husafiri nalo wakienda likizo na nyumba zao za magurudumu. Kwetu Mbita vikundi hulinunua kama mtaji: watu hulipa kiingilio kidogo kutazama mpira, na pesa huingia katika mfuko wa kikundi.

Tuanze na yaliyotupata sisi wenyewe. Tarehe 18 Desemba 2022 ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia, Argentina na Ufaransa. Kikundi kimoja tunachokitembelea kilikuwa kimenunua dishi, dikoda na jenereta ndogo kwa pesa ambazo akina mama walichanga kutokana na omena. Tuliwasindikiza hadi ufuo mmoja wa kisiwani. Kijana aliyejua kazi ile alikuwa ameshaenda Nairobi kutafuta kibarua. Watu wakalipa, wakaketi. Sisi tukazungusha dishi kushoto, tukazungusha kulia, mpaka mpira ukaisha bila picha. Kiingilio kikarudishwa, na mafuta ya jenereta yakawa yameungua bure. Mama mweka hazina akasema, "Chombo tulinunua, lakini akili yake ilipanda basi."

Baadaye tulimwita fundi, tukamwomba atuonyeshe kosa. Akatuambia tulisimamishe vilevile kama siku ile. Hakutazama dishi hata kidogo. Alitazama miguu ya stendi: mmoja ulikuwa umezama mchangani.

KWA NINI MGUU MMOJA UHARIBU KILA KITU?

Satelaiti za televisheni ziko juu ya mstari wa Ikweta, kama kilomita 36,000 kutoka ardhini. Zinazunguka pamoja na dunia, ndiyo maana kwetu huonekana kama zimesimama mahali pamoja. Mbita iko chini ya nusu digrii kusini mwa Ikweta, ule mstari unaopita Maseno. Kwa hivyo satelaiti hizi zimejipanga angani juu ya vichwa vyetu, kutoka mashariki hadi magharibi.

Satelaiti ya DStv iko digrii 36 Mashariki, na Mbita iko digrii 34 na kidogo. Basi iko karibu utosini kabisa. Ya Azam iko digrii 7 Mashariki. Hiyo kwetu iko upande wa magharibi, kama theluthi mbili ya njia kutoka upeo wa macho kwenda utosini.

Sasa angalieni. Kitu kilicho utosini, ukizunguka pale ulipo bado kiko utosini. Lakini ukiinama kidogo tu, umekipoteza. Ndivyo lilivyo dishi. Stendi ikiinama digrii moja au mbili, mawimbi yamekwenda, hata mkilizungusha mpaka asubuhi.

HATUA ZA KUFUATA

1. Chagueni mahali. Kwa satelaiti ya utosini, hakikisheni hakuna tawi juu ya dishi. Kwa ile ya magharibi, upande wa magharibi uwe wazi. Kaeni mbali na nyaya za stima.

2. Sawazisheni stendi. Kwenye mchanga, wekeni kipande cha ubao au jiwe bapa chini ya kila mguu. Lazeni juu yake chupa ya maji iliyojaa nusu: maji yakilala sawa pande zote, stendi iko sawa. Kisha fungieni gunia la mchanga kwenye miguu, maana upepo wa ziwa alasiri si mchezo.

3. Ungeni waya wakati dikoda imezimwa. Ule uzi wa shaba wa katikati usiguswe na nyuzi nyembamba za nje. Unywele mmoja tu ukigusa, hakuna picha.

4. Elekezeni dishi. Mkitumia dira, simameni mbali na mabati na jenereta, kwani chuma huivuta. Kumbukeni pia kwamba madishi mengi mkono wake hutokea chini, si katikati, kwa hivyo uso wa dishi hautazami satelaiti moja kwa moja. Msishangae.

5. Mmoja akae kwenye skrini, mwingine kwenye dishi. Fungueni ukurasa wa mawimbi katika dikoda. Sogezeni dishi kidogo sana, hesabuni hadi tano, ndipo msogeze tena. Mkipata, zungusheni kichwa cha dishi polepole mpaka ubora upande. Ubora ndio wa kutazama kuliko nguvu.

6. Wekeni alama ya rangi kwenye kila bolti. Hii ndiyo siri kubwa. Digrii moja ya ardhi ni kama kilomita 111. Kutoka Mbita hadi Rusinga, Mfangano au Sindo haifiki hata nusu yake. Kwa hivyo mwinamo wa dishi haubadiliki kwa maana yoyote. Mkiweka alama mara moja, kazi inayobaki ni kusawazisha stendi na kupata upande.

WAKATI WA KUACHA DISHI LITULIE

Mvua kubwa hukata mawimbi. Ngojeni ipite, msifungue bolti. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba, jua hupita nyuma ya satelaiti ya utosini kati ya saa sita na robo na saa saba mchana, na picha huweza kukatika kwa dakika chache. Dikoda haijaharibika. Lakini radi ikianza, zimeni kila kitu, chomoeni waya, na watu wasikae karibu na stendi ya chuma. Kiingilio hurudishwa, mtu harudi.

Jambo lingine: malipo ya nyumbani hayaruhusu kuonyesha watu kwa kiingilio. Ulizeni malipo ya biashara, na mpate leseni ya kaunti kabla ya kuanza.

Kikundi kile sasa kina sheria yake. Kila safari, dishi husimamishwa na watu wawili ambao hawakulisimamisha safari iliyotangulia, na wengine hutazama wakiwa wamekunja mikono. Mara ya kwanza ilichukua karibu alasiri nzima. Siku hizi mama mweka hazina mwenyewe ndiye hulaza chupa ya maji juu ya stendi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chenu, ni kazi gani inayojulikana na mtu mmoja tu? Akiondoka kesho, itakuwaje?
2. Nani atafundishwa kwanza, na nani atamfuata? Je, akina mama na vijana wote wamo?
3. Kiingilio kikikusanywa na picha ikose, mmekubaliana nini?