Somo: Springi Imevunjika, Alipe Nani?

Ndugu wafanyakazi, somo la safari hii tumelitoa gerejini. Tulikuwa Juru, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, tumekaa na vijana wanaotengeneza magari chini ya turubai. Hawana shimo wala jeki ya maana. Wana spana, mashine ya kuchomelea na mapenzi makubwa ya magari. Siku hiyo walikuwa wakifufua Hiace moja kuukuu ambayo mwenyewe alikwisha kuikatia tamaa, na kila aliyepita njia alisimama kutoa maoni yake juu ya injini ya kuiwekea. Jua lilipoanza kupoa likaingia lori la ndizi, limelala upande mmoja. Springi ya nyuma ilikuwa imekatika.

Dereva alishuka akakaa juu ya tairi kuukuu bila kusema neno. Tulipomdadisi akatueleza ya kwamba hiyo ni springi ya tatu kwa mwaka mmoja, na kila inapovunjika mwenye lori humkata mshahara, kwa hoja kwamba aliyeshika usukani ndiye aliyevunja.

Pale pale ukazuka ubishi. Kijana mmoja, mpenzi wa mbio za magari, alimwunga mkono tajiri. Alisema mashindano ya Mbarara, ambayo yamekuwa katika ratiba ya ubingwa wa Uganda, hupita katika barabara za vumbi kama hizi na magari hurudi mazima. Basi ubaya ni wa dereva. Hoja hii tumeisikia pia kwa mameneja, kwa hiyo tuijibu vizuri. Gari la mbio halibebi ndizi, hubeba watu wawili. Springi na shokomzoba zake zimetengenezwa kwa kazi hiyo, na likitoka katika vipande vya mbio hupokelewa na kundi la mafundi wanaolikagua na kubadilisha kilicholegea. Na hata hivyo mengi hayafiki mwisho. Mpeni dereva wa lori mafundi wa namna hiyo kila jioni, kisha tuzungumze.

Fundi mkubwa wa pale hakubishana. Aliifungua springi, akatuambia tuiname tutazame.

Springi ya lori ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kubanwa katikati. Gurudumu linapoingia shimoni vyuma hupinda, kisha hurudi. Chuma kinachopindwa hivyo mara nyingi huchoka, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Kwanza hufanya ufa mdogo, ufa hukua siku hata siku, mwisho sehemu iliyobaki hushindwa na mzigo ikakatika ghafla. Mahali palipokatika fundi alituonyesha rangi mbili: upande mmoja mweusi wenye kutu, upande wa pili unang'aa kama chuma kipya. Penye kutu ndipo palipopasuka zamani, maji yakapata nafasi ya kuingia. Panapong'aa ndipo palipokatika siku ile. Katika chuma kile kutu ilikuwa zaidi ya nusu.

Maana yake, shimo la mwisho lilimalizia tu. Springi ilikuwa mgonjwa siku nyingi, na lori lilikuwa likitumwa kazini bila kukaguliwa. Nanyi wenzetu wa mashamba mnaopelekwa kazini mmesimama nyuma ya lori, fikirini jambo hilo.

Nani basi aliyeichosha? Kwanza ni mzigo, na anayeamua idadi ya mikungu si dereva. Kati ya mwaka 1958 na 1960 wahandisi wa Marekani, katika jimbo la Illinois, waliendesha malori juu ya barabara zilizojengwa makusudi ziharibiwe, ili wapime. Waliona ya kwamba ekseli ikibeba uzito mara mbili haiiharibu barabara mara mbili, bali kama mara 16: mbili mara mbili, mara mbili, mara mbili tena. Ekseli ya tani 10 ikibebeshwa 12, nyongeza ambayo tajiri huiita ndogo, uharibifu huwa kama mara mbili. Hesabu hiyo ilipatikana kwenye lami na zege, lakini moramu haina huruma zaidi. Mzigo huo huo unaochosha springi ndio unaochimba shimo litakaloivunja.

Pili ni barabara. Watu husema imeharibiwa na mvua. Sisi hatuyakubali maneno hayo. Maji huharibu barabara yanapokosa pa kwenda. Barabara ya moramu yataka mgongo katikati, mitaro kandokando, na makalavati ya kuyapitisha maji chini. Ikiwa na upana wa mita 6, katikati pawe juu kuliko ukingo kwa sentimita 15 hivi. Mnaweza kupima wenyewe kwa kamba na mpira mwembamba uliojaa maji, kama waashi wanavyopima msingi. Tulipima kipande kimoja tukakuta katikati ni chini kuliko ukingo. Huo ni mfereji, si barabara. Greda likipita likakwangua moramu kavu bila kumwagia maji wala kushindilia, huacha vumbi linalopeperuka kiangazi na kuziba machujio ya hewa. Vijana wa gereji walitaka lami kila mahali. Sisi tulisema heri moramu yenye mtaro kuliko lami isiyo nao, na hapo hatukuelewana mpaka chai ikaisha.

Malalamiko nayo yapelekwe mlango wake. Mamlaka ya Barabara za Taifa iliyoanza kazi mwaka 2008 ilivunjwa mwaka 2024, kazi zake zikarudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Barabara za wilaya ziko mikononi mwa wilaya. Ulizeni kwanza njia yenu ni ya nani, ndipo muandike.

Tatu ni mshahara. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 yataka mfanyakazi alipwe mshahara wake wote, na inataja makato yanayoruhusiwa, kama kodi na ada ya chama. Springi hatukuiona humo. Dereva wetu alikuwa na hofu kwa kuwa ni mkimbizi kutoka Kongo. Tulimweleza ya kwamba Sheria ya Wakimbizi, nayo ya 2006, yampa haki ya kufanya kazi. Tukamshauri awe na daftari: tarehe, mzigo aliopakiziwa, kasoro aliyoiona, na jina la aliyeambiwa.

Kisha tulimfuata mwenye lori Mbarara, na kile kipande cha springi tumekifunga katika gazeti. Alisema barabara si yake. Tukamjibu kwamba si ya dereva pia. Alikitazama, akapitisha kidole penye kutu, akakubali kutokata fedha za springi hii. Za zile mbili za kwanza bado tunazidai, na kazi ni ngumu, kwa maana vyuma vyake vilikwisha kuuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu.